Ghala Lililosema Tayari

Sogeeni karibu. Mwenye haraka na aondoke sasa hivi, asije akanikatiza katikati. Leo sina hadithi ya kuwalaza, nina kesi. Nimekaa nayo siku sita. Nimeipeleka kwa padri, nimeipeleka kwa mwalimu mkuu, nimeipeleka hata kwa mke wangu, kila mmoja akaamua lake na kuniacha palepale nilipokuwa. Kwa hiyo nawaletea ninyi, wakubwa kwa wadogo. Mwishoni nitawauliza, na sitapokea jibu la kwamba wote wamefanya vizuri. Hilo ni jibu la mtu anayewaza chakula.

Juu ya mji wa Bukoba, kwenye kilima kimoja, kuna nyumba inayoitwa Nyumba ya Sauti. Kazi yake ni kurekodi watu wenye nyimbo, masimulizi na maneno ambayo yakiondoka nao hayarudi. Miongoni mwa wafanyakazi wa nyumba hiyo wamo watu watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Wa kwanza ni Kemilembe, anayesikiliza rekodi na kuandika kila neno lililotamkwa. Kipaji chake ni masikio. Msidhani nasema masikio kama haya yangu. Ukikohoa mlangoni Jumatatu, Ijumaa atakuambia kama umepona. Mwekee sauti ya mtu akivuta pumzi tu, kabla hajatamka lolote, atakuambia ni nani, na kama ameketi au amesimama. Nimemjaribu mwenyewe, nikashindwa.

Wa pili ni Mutashobya, fundi wa kompyuta. Kipaji chake ni kutoamini. Mwambie mlango umefungwa, ataenda kuusukuma. Mkewe akisema chai ina sukari, anaonja kwanza ndipo anashukuru. Watu wanamwona msumbufu, na kweli ni msumbufu.

Wa tatu ni Ta Bashweka. Kwetu Uhayani mwanamume mzima tunamtanguliza na Ta, mwanamke Ma, ndiyo heshima yetu. Ta Bashweka anafagia, anafungua madirisha, anachemsha chai. Kipaji chake hakikuonwa na mtu kwa miaka mingi: hajui kuficha. Ukimuuliza kama ndizi ulizopika ni tamu, na si tamu, atakuambia si tamu, kisha ataendelea kula. Tena ana tabia moja. Ujanani alipima mvua katika kituo cha kahawa. Kituo kilifungwa miaka ishirini iliyopita, yeye hakuacha. Kila mvua anaiandika kwenye daftari la shule: tarehe, saa ilipoanza, saa iliponguruma mara ya kwanza, saa ilipokatika. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyewahi kulisoma.

Hao ndio watu wangu watatu. Sasa mjueni wa nne, ambaye bila yeye kesi isingekuwepo.

Ta Rutinwa ni mpiga enanga. Mnaoijua mnaijua, msioijua, ni kinanda cha ubao mmoja uliochongwa kama sinia refu, kimefungwa uzi unaokwenda na kurudi mara nane. Ta Rutinwa alikuwa na wimbo mmoja ambao hauimbwi siku moja. Unaimbwa siku arobaini na moja. Ni wimbo wa mwanamke aitwaye Nyakahoza, aliyeibiwa ndama wake na kumfuata vilima saba, akiulizia kila mlango, mpaka kilima cha mwisho anapoingia kwenye zizi la mfalme lenye ng'ombe elfu moja na kumwita ndama kwa jina. Hakuna mwingine anayeujua wimbo huo. Wanafunzi wake wawili walitangulia kufa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka huu, masika ilipoanza, Ta Rutinwa alianza kupanda kilima kila asubuhi ya siku za kazi, akiongozana na binti yake, Ma Koburungi. Aliketi chumba cha kurekodia, akapiga na kuimba, siku baada ya siku, mpaka siku ya arobaini na moja. Alimaliza mwishoni mwa mwezi wa tano. Wiki mbili baadaye kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wake wa kulia na kikachukua maneno yote mdomoni. Mtu aliyeimba siku arobaini na moja sasa hawezi kusema "maji".

Kwa hiyo kila Jumatano Ma Koburungi alimleta Nyumba ya Sauti, akawekwa kwenye kiti chenye mto, akasikilizishwa siku moja ya wimbo wake. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Anasikiliza na vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya goti, na uso wake unarudi kuwa wa zamani. Mzee huyu alikuwa amebakiwa na sauti iliyo ndani ya nyumba ile, basi.

Jumatano ya saba, Nyakahoza akiwa kilima cha tatu anabisha mlango wa mhunzi, wimbo ukakatika. Mahali pake akasikika mwanamume mwenye sauti kavu akisema, "Kundi la pili, mbuzi kumi na tisa, wamechanjwa kumi na saba, wawili wametoroka."

Msicheke. Sauti ile ilikuwa yangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji, na mikutano yetu hurekodiwa palepale. Sauti yangu ilisoma mbuzi kwa pumzi mbili tatu, kisha wimbo ukaendelea mahali pengine kabisa, kilima cha tano, kama vile hakuna kilichotokea. Ta Rutinwa aliinua mkono wa kushoto na kuushikilia hewani. Binti yake akadhani amechoka, akaanza kumfunga shali. Mzee alikuwa analia.

Lazima sasa niwaeleze sauti hizi huwekwa wapi, nami naeleza kama nilivyoelezwa. Nyumba ya Sauti ina seva moja, mashine kubwa ya chuma. Ndani ya mashine hiyo mna kompyuta tano ambazo huwezi kuzigusa. Hazina umbo. Mashine inajigawa kwa hesabu tu, na kila sehemu inajiona kuwa kompyuta kamili yenye kazi zake. Wanaziita kompyuta pepe. Moja ilipokea wimbo wa Ta Rutinwa, nyingine ilitunza mbuzi wangu, na haikujua kama mwenzake yupo.

Sasa, kompyuta pepe hazina kabati. Chochote zinachotaka kuhifadhi zinakipeleka kwa waya unaopita ukutani hadi chumba cha pili, kwenye sanduku moja jeusi lenye uso wa kung'aa. Hilo ni ghala la zote tano. Kompyuta pepe inasema, "Niwekee hiki." Ghala linajibu, "Tayari." Ikishasikia tayari, kompyuta inatupa nakala iliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu haina sababu ya kuendelea kuishika. Kazi yote ya nyumba ile imesimama juu ya neno hilo moja, tayari.

Turudi kwa watu wangu.

Kemilembe hakukubali kwamba mzee amechoka. Alikaa na rekodi zote arobaini na moja, akazisikiliza mfululizo siku tisa. Wengine walikuwa wamezifungua, wakaona zinafunguka, urefu ni sahihi, wakasema ni nzima. Yeye alisikia mishono. Alisikia mahali ambapo mzee anavuta pumzi ya sentensi ndefu halafu linakuja neno la sentensi fupi. Alipata siku kumi na nne zilizovunjika, na siku ya arobaini na moja ilikuwa mojawapo: Nyakahoza anaingia zizini, anafungua kinywa kumwita ndama wake, na jina halipo. Kisha Kemilembe akasikia kingine ambacho hakuna binadamu mwingine angekisikia. Katika kila siku iliyovunjika, nyuma kabisa ya enanga, karibu na uharibifu, palikuwa na ngurumo ya mbali. Akampelekea Mutashobya karatasi yenye mistari kumi na nne.

Mutashobya hakuiamini karatasi, bila shaka. Alikagua diski za ghala moja moja, nzima. Akabadilisha waya wa ukutani, akabadilisha swichi ya mtandao, akaipeleka sauti ya majaribio huku na huku mara elfu, ikarudi ileile. Akafikiri radi imekata umeme; akakagua betri kubwa ya akiba, akakuta umeme haukukatika hata sekunde moja masika nzima. Shajara ya ghala lenyewe ilisema kila kitu kiko sawa. Mtu mwingine angefunga jalada. Yeye akajiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake pale: ghala likisema tayari, je, ni kweli?

Akafanya hivi. Aliamuru kompyuta pepe moja ipeleke namba ghalani, moja kila sekunde: moja, mbili, tatu. Ghala likajibu tayari kila mara. Zilipofika mia tano, akachomoa ghala ukutani kwa mkono wake. Akaliwasha tena, akahesabu. Zilikuwepo namba mia nne na thelathini.

Eleweni maana yake. Kitu kisicho na mdomo kilisema tayari mara sabini kwa vitu ambavyo hakikuwa kimeviweka. Kilikuwa kimevishika tu mkononi, kikingoja nafasi ya kuviandika, na huku kinawaambia watu watulize mioyo. Ghala likizimika ghafla, vilivyo mkononi vinapotea. Na mara nyingi kilicho mkononi ni lile jedwali linaloonyesha kipande gani ni cha nani na kinafuata kipi. Hapo ndipo mbuzi wangu walipoingilia mlango wa mhunzi. Mutashobya aliniambia alikaa sakafuni akiliangalia sanduku lile.

Halafu akakumbuka. Ghala halikuzaliwa hivyo. Mwaka uliopita Kemilembe na wenzake walilalamika kwamba kuhifadhi kunachukua muda mrefu, na yeye mwenyewe, Mutashobya asiyeamini kitu, aliingia kwenye mipangilio na kuliambia ghala lijibu kabla ya kuandika.

Lakini kesi ilikuwa bado. Ghala haliharibu kitu mpaka lizimike, na umeme haukukatika. Nani alilizima, mara kumi na nne, wakati wa mvua? Mkuu wa nyumba aliwaita wafanyakazi wote ukumbini asubuhi. Alisema mzee Rutinwa amenyang'anywa sauti mara mbili, mara moja na ugonjwa, mara moja na sisi, na mara ya pili haivumiliki. Aliyegusa ghala lile atafungasha vitu vyake leo. Mnajua maneno kama hayo yanavyofunga midomo. Kila mtu aliangalia viatu vyake.

Ta Bashweka hakuwa ameketi. Alikuwa anapita na chupa ya chai. Alisimama akamuuliza Mutashobya kwa neno la heshima la kwetu, "Waitu, lile sanduku lenye uso wa kioo, likipata joto kali linafanya nini?"

Mutashobya akamjibu kwamba linajizima lenyewe lisiungue, kisha likipoa linajiwasha.

Ta Bashweka akaweka chupa chini. "Basi ni mimi," akasema. "Radi ikinguruma nalifunika kitenge."

Ninyi wa huku mnaelewa. Kwetu mawingu yakinguruma, kila mama anafunika kioo, anafunika televisheni, anafunika chochote kinachometameta, maana inasemekana radi inapenda kujiangalia. Ta Bashweka alipokuwa na miaka minane radi iliingia nyumbani kwao, kioo kikiwa wazi ukutani, na dada yake hakuamka. Tangu hapo hajaacha kioo wazi katika mvua. Aliliona ghala linang'aa kuliko kioo chochote, na alijua ndani yake mna sauti ya mzee anayempenda. Kwa hiyo kila iliponguruma alikimbia kulifunika kwa kitenge cha marehemu mkewe, akilizungushia mara mbili vizuri na kuziba matundu yote ya feni ya kulipoza. Mvua ikikatika alikifunua, akakikunja, akakirudisha kabatini. Hakuna aliyemwona kwa sababu hakuna aliyetazama.

Angenyamaza, nani angejua? Mutashobya amesema mbele yangu kwamba asingejua hata baada ya miaka kumi. Angelaumu radi.

Ta Bashweka hakuishia hapo. Alikwenda jikoni akarudi na daftari la mvua. "Kama saa zinasaidia," akasema, "ziko humu zote."

Sikilizeni jinsi zilivyosaidia. Ghala lina tabia njema moja: kila baada ya saa moja linaweka nakala ya lile jedwali lake pembeni. Kwa masika nzima zilikuwepo nakala zaidi ya elfu mbili, na kila moja ilidai ndiyo ya kweli. Zilizofanywa baada ya ghala kuzimika zilikuwa zimeshavurugika, na kwa macho huwezi kuzijua. Lakini ukijua saa ngurumo ilipoanza, unachukua nakala ya mwisho kabla ya hapo, unaacha nyingine zote. Daftari la shule la mpima mvua ambaye hakutumwa na mtu liligeuza elfu mbili kuwa kumi na nne.

Mutashobya akachukua hizo kumi na nne, akatenga ghala pembeni asiandike juu yake hata herufi, akaanza kuchimbua. Kila kipande kilichoonekana kwenye jedwali safi alikirudisha mahali pake. Vilivyobaki ni vipande vilivyoandikwa kati ya nakala hiyo na kuzimika. Vilikuwepo ghalani, vizima, ila havikuwa na jina wala mwenyewe. Alivikusanya vyote kwenye meza moja, kama ninavyoweza kusema. Vilikuwa elfu tatu mia sita na arobaini, kila kimoja sekunde tano au sita. Humo mlikuwa na wimbo, mbuzi wangu, kwaya ya akina mama, na mtu mmoja anayeelekeza jinsi ya kukausha kahawa. Hapo kompyuta ilimaliza uwezo wake. Kwa mashine vyote ni sauti.

Akampa Kemilembe.

Kemilembe alisikiliza vipande hivyo siku ishirini na tatu. Alijua kipi ni cha mzee akiwa mbichi asubuhi na kipi ni cha mzee aliyekwisha kunywa chai. Alijua uzi wa tano wa enanga ulilegea siku ya thelathini na mbili na ukakazwa siku iliyofuata. Alishika pumzi iliyokatika mwisho wa kipande kimoja akaitafuta nusu yake katika maelfu, na akaipata. Nilimkuta siku moja amefumba macho, kidole kimoja juu, nikasimama mlangoni bila kuthubutu kukanyaga. Sijawahi kuogopa kanisa kama nilivyoogopa chumba kile. Mwishoni zilikosekana dakika kumi na moja tu, zile zilizokuwa mkononi mwa ghala lilipozimika. Hizo hazikuwahi kuandikwa popote, na hazitarudi.

Jumatano ya wiki iliyopita tuliitwa. Mimi niliitwa kuthibitisha mbuzi wangu wamerudi zizini kwao, nao wamerudi. Ta Rutinwa aliwekwa kwenye kiti chake. Wakamchezea siku ya arobaini na moja.

Nyakahoza akaingia zizini kwa mfalme. Ng'ombe elfu moja. Enanga ikashuka mpaka ikawa uzi mmoja tu unaoguswa na kuachwa. Pumzi ikavutwa. Halafu sauti ya mzee, ile ya mwezi wa tano, nzima, ikaita: "Gaju."

Mara moja tu. Na nyuma yake, mbali, ngurumo ikajibu, kwa sababu siku ile ilinguruma. Kisha vikasikika viatu vya mpira vikikimbia koridoni. Vilikuwa vya Ta Bashweka, anakwenda kufunika ghala. Alijisikia mwenyewe akikimbia, akaweka mikono usoni. Ta Rutinwa alifungua kinywa. Hakikutoka kitu, lakini mdomo ulichora jina la ndama, nasi sote tuliona.

Wimbo ulipokwisha Ma Koburungi akaleta kitu kilichofungwa kwa nguo. Ilikuwa enanga. Akatusomea karatasi ambayo baba yake aliiandika kwa mkono wa kushoto kwa siku tatu. Ilikuwa na mstari mmoja: apewe mtu aliyenirudishia sauti.

Kwanza tulipiga makofi. Kisha tukaangaliana.

Mkuu wa nyumba akasema ibaki ukumbini, iwe ya wote. Ma Koburungi akakataa kwa upole. Ukumbi hauna vidole, alisema. Enanga isiyoshikwa na mtu mmoja inakauka na kupasuka, na katika nyumba yao enanga ikishavuka mlango kwenda kutolewa, hairudi ndani. Ina mwenye mmoja, naye anajifunza mpaka aipige. Akawauliza watatu wale kama kuna anayejitoa.

Kemilembe alisema hatajifanya, anaitaka. Anaujua wimbo wote, na dakika zile kumi na moja anazikumbuka kwa sababu alikuwepo chumbani zilipoimbwa. Lakini akaongeza jambo ambalo wengi hatukulijua. Zamani walirekodi kwa vifaa viwili, kikubwa na kidogo cha akiba. Yeye ndiye aliyekiondoa kidogo, kwa sababu mlio wake wa kubadilisha betri ulimkera masikio. Kingekuwepo, hakuna ambacho kingepotea.

Mutashobya alisema naye anaitaka. Asingetilia shaka neno la ghala, wangeendelea kurekodi na kupoteza hadi leo, na kila kipande alichosikiliza Kemilembe ni yeye aliyekichimbua. Lakini akakiri kwamba uongo ule ni yeye aliyeliamuru ghala liuseme. Ameshauondoa. Sasa ghala linaandika kwanza, na watu wameanza kulalamika tena.

Ta Bashweka tulidhani atasema hastahili. Tulimtazama sote tukingoja aseme hivyo, ili kazi iwe nyepesi.

"Naitaka," akasema. "Nimeiharibu sauti yake kwa kuipenda, na nimesema. Kama nisingesema, isingerudi. Siwezi kudanganya kwamba siitaki."

Ukumbi ukagawanyika. Wapo waliosema huwezi kumpa zawadi mtu aliyevunja. Wapo waliouliza, katika watatu hawa ni yupi ambaye hakuvunja? Wengine walisema kukiri si kazi, ni wajibu tu. Mama mmoja akawauliza, mbona basi wajibu huo uliwashinda wengine ishirini waliokuwa wanaangalia viatu, wakati yeye peke yake ndiye aliyekuwa na cha kupoteza? Mkuu alikuwa bado hajafuta neno lake la kufungasha. Alilifuta palepale, kwa aibu.

Ta Rutinwa alisikiliza yote. Kisha akainua mkono wa kushoto, akazunguka nao ukumbi mzima, na kidole kikasimama kwangu. Nilitazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Ma Koburungi akamwinamia baba yake, akamuuliza moja moja naye akijibu kwa kichwa, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Baba anasema, akaeleza, wewe ndiye mgeni uliyeingia ndani ya wimbo wake bila kubisha. Umewahi kukaa humo, na huna undugu na hawa. Uamue wewe. Amekupa wiki moja.

Tangu siku hiyo enanga iko juu ya meza ya ukumbi, haina mwenyewe, haijarudi na haijaondoka. Kemilembe anakuja asubuhi kusikiliza kama ubao umeanza kulia. Mutashobya anapita kuangalia kama kweli bado ipo. Juzi mvua ilinyesha na ikanguruma, nami nilikuwepo. Ta Bashweka alitoka jikoni mbio na kitenge mkononi, akafika mezani, akasimama. Akamtazama Mutashobya, naye Mutashobya akafikiri kwa uangalifu, akainama akaikagua enanga chini na juu, akamwambia, "Funika, Ta. Hii haina feni."

Ikafunikwa. Na sisi wanne tukasimama kuizunguka mpaka mvua ilipokatika, na nilijua kila mmoja anawaza lake.

Kesho ni Jumatano. Saa nne asubuhi nitasimama mbele ya mzee asiyeweza kuniambia kama nimekosea. Mbele yangu watakuwepo aliyesikia, aliyetilia shaka, na aliyesema kweli, wote watatu wakiwa na mikono mitupu. Mimi nina kidole kimoja cha kunyoosha.

Haya, nimemaliza upande wangu. Wewe wa mbele uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo, anza. Je, wewe ungemnyooshea kidole nani?